Nilikomkuta Karl Marx: Barua kutoka Tandika

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonisumbua. Nimefikia kwa dada, Tandika, karibu kabisa na soko, na wauza mitumba wanaanza kunadi kabla jua halijachomoza.

Ulinituma nikipata nafasi nikuangalizie kama yule Mjerumani wenu, Karl Marx, bado ana watu katika jiji hili. Ulisema enzi ulipokuwa ukifundisha Siasa, kila aliyemsoma kwa bidii alitamani kufika Dar es Salaam walau mara moja. Basi nimezunguka Temeke hadi Kurasini, nikavuka kwenda Kinondoni na kupanda Mlimani, kwa daladala, kwa bodaboda na kwa miguu. Barua ni ndefu, tafuta miwani kwanza.

Nianzie kijiweni, maana huko nilimkuta bila kumtafuta. Mtaani kwetu pana kijiwe cha bodaboda chini ya mwarobaini. Kijana mmoja mchangamfu, mwenye mtoto mchanga nyumbani, alinieleza anavyoendesha pikipiki ya mkataba. Pikipiki ni ya tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu, shilingi 10,000, inyeshe isinyeshe. Mafuta juu yake, oili juu yake, pancha juu yake, faini juu yake. Akiumwa, hesabu inamngoja. Akimaliza miezi waliyoandikiana, pikipiki inakuwa mali yake, na kwa ajili ya siku hiyo anavumilia yote. Akatoa simu, akanizidishia mbele ya macho yangu: atakachokuwa amelipa mwisho wa mkataba kinapita mbali bei ya pikipiki mpya dukani, na atakayokabidhiwa itakuwa imechoka. "Lakini nilisaini mwenyewe," akasema, bila kinyongo.

Baba Mdogo, kauli ile ndiyo Marx aliyohangaika nayo sehemu kubwa ya maisha yake. Alijiuliza inawezekanaje mkataba uandikwe kwa hiari, bei iwe ya soko, asiwepo aliyeibiwa wala kudanganywa, na bado kila kukicha mmoja anaongezeka na mwenzake yuko pale pale. Jibu lake ni kwamba anayeuza nguvu zake anauza kitu kinachozaa zaidi kuliko kinavyolipwa. Sehemu ya siku anafanya kazi ya kujilisha yeye. Sehemu inayobaki anamzalishia mwenye chombo. Kibarua wa kiwandani haoni mpaka kati ya sehemu hizo mbili, kwa sababu ujira wa mwisho wa wiki umeufunika. Kijana wa Tandika anauona mchana kweupe. Mpaka saa nane hivi anamtafutia tajiri. Hesabu ikitimia, na kama abiria bado wapo, ndipo anaanza kumtafutia mwanawe maziwa. Madereva na makonda wa daladala wananiambia hali yao ni hiyo hiyo, na deiwaka anayeshikiwa gari kwa siku moja yuko chini yao zaidi.

Nikukumbushe kidogo mtu mwenyewe, kwa sababu vijana wengi niliokutana nao wanamjua kwa ndevu tu. Alizaliwa Trier tarehe 5 Mei 1818, mtoto wa mwanasheria wa asili ya Kiyahudi. Alipelekwa kusoma sheria, falsafa ikamteka, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1841. Alitaka kufundisha, lakini serikali ya Prussia haikuwapa nafasi watu wa mawazo yake, akaingia kwenye magazeti. Gazeti alilohariri Cologne likapigwa marufuku. Akafukuzwa Paris, akafukuzwa Brussels. Mwanzoni mwa 1848 yeye na rafiki yake Friedrich Engels wakatoa Ilani ya Wakomunisti, kijitabu chembamba, na mwaka uliofuata akahamia London, akabaki huko hadi kufa.

London ndiyo inayonigusa. Familia ilipanga vyumba viwili katika mtaa wa Dean, Soho, na katika miaka ile ya mwanzo walizika watoto watatu. Mmoja, Franziska, alipofariki mwaka 1852, mkewe Jenny alikwenda kukopa kwa jirani Mfaransa ili wapate jeneza. Mwaka huo huo Marx alimwandikia Engels kwamba hatoki nje kwa sababu makoti yake yako rehani. Mwanamke yeyote wa Tandika aliyewahi kupitisha daftari la michango ya msiba angeielewa nyumba ile kwa kuingia tu mlangoni. Engels alirudi kwenye kiwanda cha pamba ambacho baba yake alikuwa mbia, Manchester, akafanya kazi asiyoipenda kwa karibu miaka 20 ili rafiki yake aendelee kuandika. Kitabu kikubwa, Kapital, juzuu ya kwanza, kilitoka Hamburg mwaka 1867, nakala 1,000 tu. Juzuu mbili zilizobaki Engels ndiye aliyezihariri kutoka kwenye mabunda ya karatasi, Marx mwenyewe akiwa kaburini.

Na kuna jambo ambalo wewe mwenyewe hukuwahi kutusimulia: Marx alifika Afrika. Mapema mwaka 1882, mgonjwa wa kifua na mjane wa miezi michache, alitumwa na daktari aende Algiers akatafute jua. Alikaa hadi mwanzoni mwa Mei. Huko alikwenda kwa kinyozi akazinyoa zile ndevu, baada ya kupiga picha ya mwisho akiwa nazo. Akafariki London tarehe 14 Machi 1883, na waliomsindikiza makaburini Highgate hawakufika 20.

Angalia sasa miaka inavyofuatana. Mwaka mmoja na miezi baada ya mazishi yale, Carl Peters alikuwa Usagara akiwawekea machifu karatasi za mikataba wasizoweza kuzisoma, na Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi. Wajerumani waliotutawala walitoka nchi moja na Marx, lakini wapo wengine waliotoka nchi hiyo hiyo ambao hatuwasimulii watoto wetu. August Bebel, kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichofuata mafundisho ya Marx, alisimama bungeni Berlin Machi 1896 akaeleza hadharani jinsi Peters alivyowanyonga mtumishi wake na msichana mmoja kule Kilimanjaro. Ikafunguliwa kesi, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa utumishi. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu wa Majimaji walinyongwa hapo hapo Songea unapokaa wewe. Desemba ya mwaka huo chama cha Bebel kilikuwa miongoni mwa waliopiga kura kuinyima serikali fedha za vita vya makoloni, hadi bunge likavunjwa. Kila tunapokwenda Makumbusho ya Majimaji nataka habari hii isimuliwe pia. Haipunguzi hata tone la damu iliyomwagika, ila inaonyesha kwamba ukatili ule ulikuwa na maadui hata kwao.

Kutoka Tandika nikaenda Chang'ombe. Viwanda vingi vya enzi zenu vimegeuka maghala. Malori yanapishana na vumbi halitulii. Kwenye kijiwe cha kahawa nilikaa na mzee mmoja aliyestaafu kiwandani. Alikumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971 kama jana. Kifungu cha 15, kile kinachowakataza viongozi kuwa na majivuno na kuwanyanyasa walio chini yao, wafanyakazi walikishika kichwani. Meneja akimtukana mtu, wanamsomea. Akikaidi, wanaweka zana chini. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walimfungia mwenye kiwanda nje wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliyoandika Mwongozo ikaona mambo yamevuka mpaka, na wengi katika migomo ile waliishia kufukuzwa kazi na kurudishwa kwao. Mzee alipiga funda la kahawa, akaniambia kwamba wao hawakumsoma Marx. Walisoma Mwongozo, wakaelewa kilichoandikwa, wakadhani kilikuwa kimekusudiwa.

Namwamini, kwa sababu bandarini historia ni hiyo hiyo. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena 1947, na mgomo huo wa pili ukafuata reli hadi bara. Hakuna chuo kilichowafundisha. Anayedai kuwa Marx ndiye aliyeleta fitina ya matabaka kwetu hajawahi kusikia habari za makuli. Shafi Adam Shafi aliwasikiliza wenzao wa Zanzibar, akawaandikia riwaya nzima, Kuli.

Kurasini nilipita haraka, makontena yameziba kila njia. Lakini nilisimama kidogo nikiwaza kwamba katika eneo hili FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi iliyoanzishwa na Eduardo Mondlane na mkewe Janet mwaka 1963. Kivukoni nako, upande wa Kigamboni, chama cha TANU kilikuwa na chuo chake cha kuwapika makada tangu 1961. Siku hizi ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Stesheni ya TAZARA utaikumbuka. Ukumbi ni mpana vile vile, na Wachina walioijenga reli ile kilomita 1,860 kwa mkopo usio na riba walikuwa wamempokea Marx kupitia kwa Mao.

Kesho yake nikavuka kwenda Kinondoni. Nilitaka kuona makaburi alikozikwa Mondlane baada ya kuuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya Oysterbay. Mabaki yake yalihamishiwa Msumbiji baada ya uhuru. Nilipata makaburi yamesongamana, magari yanapiga honi nje ya ukuta, na sikuona kibao chochote cha kumweleza mpita njia kwamba hapa alilala kiongozi ambaye chama chake, mwaka 1977, kilijitangaza rasmi kufuata Marx na Lenin. Imeniuma. Mji uliowahifadhi wapigania uhuru wa nchi nyingi unastahili vibao zaidi ya majina ya barabara.

Sasa Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zamani tulihesabu ni Kinondoni, siku hizi ni Wilaya ya Ubungo, lakini ukitoka Mwenge unapanda kilima kile kile. Chuo kilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria tu katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia huku 1964. Ukumbi wa Nkrumah bado una lile paa lake la kupinda, lile lililokuwa limechorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Wanafunzi wamejaa kwenye vimbweta, kompyuta mapajani.

Huku ndiko ubishi ulikowaka kweli. Walter Rodney alifika mwaka 1966 akitokea London, kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Guyana, akarudi tena 1969 baada ya Jamaika kumfungia mlango, akafundisha hadi 1974. Wanafunzi wakaanzisha umoja wao wa mapinduzi mwaka 1967, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, huyo huyo. Jumapili asubuhi, wengine wakienda kanisani na wengine wakifua, wao walikuwa na darasa la kujisomea. Novemba 1969 wakatoa jarida, Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 toleo zima likabeba andiko la mwanasheria kijana, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya matabaka yanayoendelea kimya kimya nchini. Hoja yake iliwachoma wakubwa: mashirika yametaifishwa, lakini wanaoyashika wanageuka tabaka jipya juu ya mkulima na mfanyakazi, na mirija ya nje haijakatwa. Novemba mwaka huo Cheche likafungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina lake limeazimwa Urusi, na Tanzania ina itikadi yake.

Nimezungumza na wanafunzi wanne watano kwenye kimbweta. Marx wanakutana naye kwenye somo la Maendeleo, ambalo kila mwanafunzi lazima alisome, awe wa uhandisi au wa biashara. Wanajua hatua za historia kwa mpangilio, ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, na wanazitaja haraka haraka kama watu wanaojiandaa na mtihani. Nikawauliza kuhusu mkataba wa bodaboda. Binti mmoja wa sheria akaanza kueleza vifungu, kisha akasita, akasema kaka yake anaendesha moja Mbagala. Tukakaa hapo saa nzima, na safari hii hakuna aliyetaja hatua za historia. Walihesabu. Waliuliza kwa nini madereva hawaunganishi fedha wakanunua pikipiki zao, nani anawakopesha, kwa riba gani, na sheria ya kazi inawatambua kama nani. Ningekuwa mwalimu wao, ningeanzisha somo hapo, na kitabu kingefunguliwa baadaye.

Hicho ndicho ninachokiona, Baba Mdogo, baada ya kuzunguka kote. Marx alipofika Dar es Salaam alikuwa na upungufu mkubwa. Kapital inazungumzia hasa viwanda vya Uingereza, na Afrika inapita ndani yake kwa mistari michache, pale anapotaja biashara ya watumwa kuwa moja ya vyanzo vya mtaji wa Ulaya. Rodney ndiye aliyeshika ile mistari michache akaijaza kitabu kizima kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972 London na hapa kwetu kwa Tanzania Publishing House, neno la mwisho likiandikwa na Abdulrahman Babu. Mwaka huo huo Babu akawekwa kizuizini, na hakutoka hadi 1978. Watu wa mji huu walimwongezea Marx kitu ambacho hakuwa nacho. Walimlazimisha ajibu maswali ya mkulima wa pamba na kuli wa bandarini, na wengine walilipa gharama kubwa.

Mwalimu Nyerere naye alibishana na Marx, kwa heshima. Katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 alisema sisi hatuna haja ya kuanzia kwenye chuki ya matabaka, kwa kuwa ujamaa wetu mzizi wake ni familia. Wale wa Mlimani wakamjibu kwamba hakuna njia ya mkato. Nimelisoma hili mara nyingi na kila mara nasikitika, kwa sababu Marx mwenyewe alikuwa amekwisha kulijibu. Februari 1881 mwanamapinduzi wa Kirusi, Vera Zasulich, alimwandikia kumuuliza kama vijiji vya Urusi, vilivyomiliki ardhi kwa pamoja, lazima vife kwanza mikononi mwa ubepari. Mzee aliandika rasimu baada ya rasimu, ndefu kuliko barua yenyewe. Machi akajibu kwa kifupi: alichoeleza katika Kapital kinahusu Ulaya Magharibi tu, na kijiji kile kingeweza kuwa nguzo ya kuanzia upya, mradi kiondolewe yale yanayokishambulia kutoka pande zote. Barua hiyo haikuchapishwa hadi 1924. Ningependa sana ingesomwa kwa sauti pale Nkrumah, Mwalimu akiwa amekaa upande mmoja na vijana wa Cheche upande wa pili.

Wangeona kwamba mzozo wao ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani, na kwamba swali lenyewe lilikuwa jingine: nani anakinyonya kijiji, na wanakijiji wana sauti gani? Halafu ikaja amri ya 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vya ujamaa, na malori ya Operesheni Vijiji, na nyumba nyingine zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Marx hakuagiza hilo, na ujamaa wa kwenye andiko la 1962 haukuagiza hilo. Nalisema kwa uchungu kwa sababu babu yangu alihamishwa, wewe unajua vizuri kuliko mimi.

Vitabu nimekupatia. Nimepita duka la vitabu la barabara ya Samora, lile lile la Tanzania Publishing House, sasa likiendeshwa na Mkuki na Nyota, nyumba ya Walter Bgoya, ambaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi enzi za Rodney. Nimekununulia kumbukumbu za Cheche alizohariri Hirji. Ile historia ya Mwalimu ya juzuu tatu, ya Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ni nzito kwa begi na kwa mfuko. Nimeisoma kurasa chache Soma, ule mgahawa wa vitabu wa Regent Estate, ambako nilikuta vijana wakisoma na kujadiliana kwa Kiswahili bila kulazimishwa na mwalimu yeyote.

Jumamosi nitapanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikifika nataka tukae siku moja, wewe na mimi, unieleze ulivyowasomea wanakijiji Mwongozo mwaka ule: nani alisimama kuuliza swali, aliuliza nini, na wewe kama mwalimu wa Siasa uliruhusiwa kumjibu nini. Nitakuja na daftari.

Msalimie sana Mama Mdogo na wadogo zangu.

Mwanao